Nyumba ya vyumba saba kijijini, inalaliwa siku kumi kwa mwaka: ni baraka au ndiyo ghala la Luka 12?

#1 BwanaSaruji
Wakuu, habari za Jumapili.

Nina nyumba kwetu Rombo, Kilimanjaro, vyumba saba, vinne masta, yaani vyenye bafu ndani. Imenichukua miaka kumi na moja. Kila bonasi, kila mgao wa kikoba, kila posho ya safari iliishia kwenye nondo na saruji. Desemba iliyopita tumekaa siku kumi. Makochi ya sebuleni bado yana nailoni ya dukani, ukikaa yanalia kama umekanyaga majani makavu ya mgomba. Bafu la wageni halijawahi kuona mgeni. Kuna mjusi humo nadhani ndiko alikozaliwa.

Usiku wa tatu wanangu wakabeba mablanketi wakaenda kulala kwa bibi yao, kwenye jiko lile la zamani, moto katikati na mbuzi upande wa pili wa mbao. Nikawauliza kulikoni. Wa kike akanijibu, "Kule kwako kuna mwangwi, baba."

Leo mchungaji kasoma Luka 12, yule tajiri aliyesema nitazivunja ghala zangu nijenge nyingine kubwa zaidi. Ibada nzima mimi nilikuwa naliona bati langu la msauzi linang'aa mbele ya macho.

Swali: Mkristo anajuaje kwamba sasa imetosha? Msinipe mistari tu, mistari ninayo. Nataka kujua wenzangu mmefunga breki wapi.

#2 Kijiweni
Nimekaa kwenye kochi la nailoni nasubiri wajuzi. Samahani kwa kelele.

#3 MpareHalisi
Mangi, hatimaye umekiri. Sisi tulio upande wa pili wa barabara tuliwaambia zamani mkatuita wabahili. Mpare angejenga chumba kimoja, akalala nusu, nusu akapangisha.

#4 DarasaLaBiblia
Mleta uzi, kwanza tumtendee haki yule tajiri. Kujenga ghala si dhambi. Yusufu alijenga akiba Misri miaka saba ya shibe na Biblia inamsifu. Sikiliza tu anavyoongea huyu wa Luka: ghala zangu, nafaka yangu, vitu vyangu, nafsi yangu. Hana hata mtu wa kumuuliza "unaonaje?" Mazungumzo yote anafanya na nafsi yake. Tofauti yake na Yusufu ni kwamba Yusufu aliweka kwa ajili ya watu.

#5 MhasibuMstaafu
Mnaenda mbali sana, hili jambo ni la hesabu tu. Watu wetu wanajenga kwa sababu hawana pengine pa kuweka hela. Shilingi ya benki inapungua ukiwa umelala. Na hata isipopungua, ikiwa kwenye simu shemeji ataisikia harufu. Nimefanya kazi ya vitabu vya watu miaka thelathini na sijawahi kuona mtu akipigiwa simu ya "niazime tofali mia mbili nirudishe mwisho wa mwezi". Tofali haliazimwi. Ndiyo maana mtu ananunua mfuko mmoja mmoja wa saruji hadi anashtuka ana vyumba saba. Huyu hana tamaa, ametafuta sanduku lisilofunguka kwa urahisi.

#6 Kitinda_Mimba
#5 umegusa, lakini kwa Mchaga kuna kingine. Nyumba ya kihambani, kwenye shamba la ukoo, si ya kulala. Ni ya msiba. Hata ukiishi Mwanza miaka arobaini, siku ya mwisho gari linapanda mlima na wewe umo nyuma. Watu mia tatu watafika. Watakaa wapi? Watasema nini kuhusu watoto wako? Ile nyumba unamjengea maiti yako heshima, ndiyo maana haina haja ya kuwa na watu sasa hivi.

#7 MpareHalisi
Kwa hiyo ni mochwari yenye masta nne. Asante kwa ufafanuzi.

#8 Kitinda_Mimba
Mpare akifa mnamzika na risiti.

#9 MamaSare
Kaka zangu, mnazungumza nyumba kwa sababu ndiyo inayoonekana. Ngoja niwaletee ghala la wanawake.

Mwaka juzi nilifungua kabati nikahesabu sare. Vitenge vya kitchen party, sendoff, harusi, kipaimara, jubilei ya ndoa ya mama mkwe wa rafiki. Kumi na nne. Kila moja kitambaa nimenunua kwa bei ya kamati, kushona elfu ishirini na tano, nimevaa siku moja. Huwezi kurudia, maana mtaa mzima unajua ile ya kijani yenye tausi ni ya harusi ya nani. Ukiivaa sokoni unaulizwa kama umeishiwa.

Nikaamua mwaka mmoja sinunui sare. Nachanga, naenda, navaa gauni langu la kanisani. Mnajua nini kilitokea? Hakuna aliyesema "dada amejifunza kuridhika". Wa kwanza alisema siku hizi nimeokoka hadi nimekuwa mkavu. Wa pili alimpigia mume wangu kumuuliza kama kazini kuna shida. Kamati ya tatu wakanipanga meza ya nyuma pamoja na watu wa mapambo.

Nilichojifunza ni kwamba kabati langu lilijazwa na macho ya watu kabla ya moyo wangu kulijaza. Kuridhika peke yako kunawezekana. Kuridhika ukiwa kwenye kamati ndiko kunataka neema. Paulo anasema "nimejifunza kuwa radhi". Amejifunza! Ina maana kuna mitihani alifeli kwanza.

(Vitenge saba nimeshonesha mapazia ya jikoni. Tausi anapendeza sana dirishani.)

#10 KandaYaJuu
MamaSare, barikiwa. Mimi Mmoraviani wa Mbeya, naongezea mawili. Sulemani aliomba, "Usinipe umaskini wala utajiri." Hapo ndipo mstari ulipo, mleta uzi, katikati.

La pili, John Wesley, yule wa Wamethodisti ambaye aliguswa na Wamoravian wetu. Mwaka wa kwanza alipata pauni 30, akala 28, akatoa 2. Mwaka wa pili akapata 60, akala 28 zilezile, akatoa 32. Wa tatu 90, akatoa 62. Wa nne 120, akatoa 92. Mapato yanapanda, tumbo linabaki palepale. Hiyo ndiyo breki.

#11 DarasaLaBiblia
Mkuu wa Mbeya, masahihisho madogo kwa upendo. Mithali 30 si Sulemani, ni Aguri bin Yake, imeandikwa mstari wa kwanza kabisa wa sura. Na anaeleza sababu: nikishiba nisije nikamkana Bwana, nikiwa maskini nisije nikaiba. Haogopi vitu, anajiogopa mwenyewe.

Na Wesley kwenye hubiri lake anasema "mmoja wao", akiwazungumzia vijana wenzake wa Oxford. Wengi wanaamini alijificha nyuma ya hilo neno. Hesabu zako ziko sawa.

#12 KandaYaJuu
Nimepokea. Ila kuhusu Yusufu wako hapo #4, na wewe soma Mwanzo 47 mpaka mwisho. Chakula hakugawa bure. Watu walimaliza fedha, wakatoa mifugo, wakatoa mashamba, mwisho wakajitoa wenyewe kuwa watumwa wa Farao. Ghala la "kwa ajili ya watu" liliishia na watu ndani yake.

#13 DarasaLaBiblia
Hapo umenipiga bao. Nitarudi.

#14 MbeguYaImani
Huu uzi umejaa roho ya umaskini. Abrahamu alikuwa tajiri, Ayubu alirudishiwa maradufu. Baba yetu ana dhahabu, kwa nini mtoto alale jikoni na mbuzi? Mleta uzi, ile nyumba ni ushuhuda, usiionee aibu. Na wale wanaokimbilia ngamia na tundu ya sindano, jueni tundu ya sindano ulikuwa mlango mdogo wa Yerusalemu, ngamia alipita akipiga magoti na kushusha mzigo. Kwa hiyo inawezekana.

#15 DarasaLaBiblia
Nimerudi haraka kuliko nilivyopanga. Huo mlango, mtumishi, hakuna ushahidi kwamba uliwahi kuwepo. Ni maelezo yaliyokuja karne nyingi baadaye na yanawafurahisha sana wenye ngamia. Soma mstari unaofuata: wanafunzi walishangaa mno wakauliza, "Ni nani basi awezaye kuokoka?" Ungekuwa mlango wa kupiga magoti wangeshangaa nini? Yesu akajibu kwamba kwa wanadamu hilo haliwezekani. Tusimsaidie kulegeza.

Ila nakubali nusu yako. Maandiko hayasemi fedha ni shina la mabaya. 1 Timotheo 6:10 inasema *kupenda* fedha. Na unaweza kuipenda bila kuwa nayo.

#16 MwalimuWaZamu
Nimesoma kimya tangu mwanzo, sasa ngoja niharibu hali ya hewa.

Nilifundisha shule moja binafsi ya watu wa Mungu, siitaji. Mishahara ilichelewa miezi mitatu. Asubuhi moja kwenye sala ya walimu mkuu akafungua 1 Timotheo 6:8, "tukiwa na chakula na nguo tutaridhika na vitu hivyo." Akafunga kitabu, akatuombea moyo wa kuridhika. Wakuu, mimi nguo nilikuwa nazo. Chakula ndicho hakikuwepo.

Tangu siku ile nikisikia neno kuridhika naangalia kwanza nani analisema na amekaa upande gani wa meza. Paulo alisema "nimejifunza kuwa radhi" akiwa *yeye* kifungoni, hakumwambia mfungwa mwingine. Waajiri wana mstari wao, Yakobo 5:4: ujira wa wakulima mliouzuia kwa hila unapiga kelele. Huo hatujawahi kuusoma kwenye sala ya asubuhi.

Kwa hiyo BwanaSaruji, swali lako ni zuri lakini ni swali la mtu mwenye vyumba saba. Sisi wengine bado hatujafika kwenye "imetosha", tunatafuta "imeanza".

#17 MamaSare
Mwalimu, nimesoma mara mbili. Pole sana.

#18 MhasibuMstaafu
#16 ndiyo comment ya uzi huu. Ingawa hata Yohana Mbatizaji aliwaambia askari "mtoshewe na mishahara yenu". Sharti ni kwamba mishahara iwepo.

#19 Kijiweni
Huo mstari ubandikwe barabarani kila penye filimbi.

#20 PwaniTulivu
Mimi si Mkristo, mniruhusu kupita. Kwetu Tanga wazee wanaliita kinaa. Lakini tazameni Kiswahili kilivyo na hila: "nimekinai" ni nimeridhika, na "nimekinai" ni nimechoshwa na kitu, nimekula wali wa nazi hadi siutaki kuuona. Neno moja, milango miwili. Huyu ndugu yetu wa Rombo nahisi amekinai kwa maana ya pili na anaitafuta ya kwanza.

#21 BwanaSaruji
#20 asante mkubwa, umenisoma vizuri kuliko mchungaji. Mbegu, mtoto hakulala na mbuzi kwa umaskini, alikimbia masta.

#22 HoustonBongo
Salamu toka Texas. Msidhani ghala limebaki kwenye Biblia. Huku mtu ana nyumba, ana gereji, gereji imejaa hadi gari linalala nje, halafu anakwenda kukodi chumba cha bati pembeni ya barabara cha kuwekea vilivyozidi. Ni biashara kubwa kabisa, vyumba vimepangwa safu kwa safu kama mabanda ya kuku. Mimi mwenyewe nimelipa dola 140 kwa mwezi miaka mitatu. Siku nilipokwenda kufungua nikakuta nini: kitanda cha mtoto ambaye sasa anacheza mpira wa kikapu, televisheni ya mgongo mnene, na maboksi mawili ya nguo za "kutuma nyumbani" ambazo sikutuma. Pigeni hesabu wenyewe, zaidi ya dola elfu tano nikilipia televisheni isiyowaka.

Hata sikuwa tajiri. Nilikuwa napiga shifti mbili nikilipia ghala.

#23 Kijiweni
Televisheni ya mgongo tuma hapa, nina kibanda umiza cha kuonyeshea video.

#24 MzeeWaMiiko
Vijana, nchi hii iliwahi kuuliza swali la BwanaSaruji kwa sheria. Azimio la Arusha, 1967: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa kwenye kampuni. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki wa misa ya kila siku na ukimsoma unaona wazi ile miiko imetokea wapi. Tulikuwa na jibu la "imetosha" limechapwa kwenye karatasi.

#25 Kitinda_Mimba
Na mwaka 1991 kule Zanzibar likalegezwa, mzee. Kuridhika kwa amri hakudumu hata miaka 25.

#26 MzeeWaMiiko
Halikushindwa, lilichokwa. Ni tofauti. Hata nyumba ya Butiama Mwalimu alijengewa na jeshi, mtu aliyeongoza nchi miaka yote ile.

#27 MpareHalisi
Mzee, akijengewa na jeshi ni heshima, akijijengea Mangi ni Luka 12. Nimeelewa mada.

#28 DarasaLaBiblia
Nilisema nitarudi. Kuhusu Yusufu, KandaYaJuu ameshinda, nakiri.

Ila nimerudia Luka 12 jana usiku, nikaona kitu ambacho sote humu tumekiruka, na mchungaji wa BwanaSaruji huenda alikiruka. Mfano wa ghala haujitokei tu. Unaanzia mstari wa 13. Mtu mmoja katika umati anasema, "Mwalimu, mwambie ndugu yangu anigawie urithi wetu." Yesu anakataa kuwa mgawanyaji, ndipo anatoa mfano. Kabla ya ghala kuna ndugu wawili na urithi.

BwanaSaruji, swali la uchokozi, usipotaka usijibu: jiko lile la bibi liko kwenye kiwanja cha nani?

#29 Kitinda_Mimba
Aisee. Hapo naomba nitoke, jina langu litanifunga.

#30 KandaYaJuu
Siku mbili mleta uzi kimya. Uzi umekata kwenye mfupa.

#31 BwanaSaruji
Nipo. Nilikuwa nafikiri niandike au nisiandike.

Kwa mila zetu nyumba ya wazazi inabaki kwa mdogo wa mwisho. Baba alipofariki, mdogo wangu akabaki pale na mama, mimi nikapewa kipande cha chini kabisa, karibu na mfereji, eneo la mteremko. Sikusema kitu msibani. Nilisema mwaka uliofuata, mbele za watu, na yeye akanijibu mbele za watu. Mwaka huohuo ndipo nilipoanza msingi. Ukisimama kwenye kibaraza changu cha juu unaliona bati la jiko la mama, limeshika kutu. Fundi aliniuliza kibaraza kielekee Kilimanjaro au kielekee huku. Nikamwambia huku.

Mke wangu hajui hilo la fundi. Sasa mnajua nyinyi.

#32 MamaSare
Mungu wangu.

#33 MhasibuMstaafu
Nafuta nilichosema kuhusu sanduku. Ingawa kwa wengine bado ni kweli.

#34 MbeguYaImani
Ndugu, nimekuona. Hapa sina mstari. Nakuombea.

#35 MwalimuWaZamu
Niliongea kwa ukali hapo #16, samahani. Hata hivyo nina wasiwasi na namna tunavyokimbilia kusema "kumbe ni kisa cha ndugu" kana kwamba limekwisha. Jirani yako aliyejenga vyumba nane hana ugomvi na mdogo wake. Nyumba zote za mlima ule haziwezi kuwa na fundi mmoja na kibaraza kimoja.

#36 Kitinda_Mimba
Mwalimu, ungezijua familia za mlima ule usingesema kwa uhakika hivyo.

#37 FundiVigae
Mimi nizungumzie nyumba. Nyumba isiyokaliwa inakufa, watu hawaamini. Inataka pumzi ya watu. Ukifunga mwaka mzima, unyevu wa kule juu unaingia kwenye jipsamu, ukungu unaanzia kona za choo, vigae vinatoa sauti ya utupu ukivigonga, mchwa anakula fremu kimyakimya, popo wanaingia kwa bodi za paa. Nimewahi kuitwa kurekebisha masta ambayo haijawahi kulaliwa hata usiku mmoja, kigae kimeinuka chenyewe. Bosi, weka mtu humo. Awe yeyote.

#38 KandaYaJuu
Kama mana ya Kutoka 16. Walioweka hadi asubuhi iliingia mabuu.

#39 DarasaLaBiblia
Isipokuwa ya siku ya sita, ile iliwekwa na haikuoza. Usinirudishe kwenye mabishano, nimechoka.

#40 BwanaSaruji
Mrejesho baada ya wiki tatu, maana wengine mnaniuliza inbox.

Fundi, nimefanya ulichosema. Nilimpigia mlinzi, mzee mmoja anayelala kwenye banda la getini, nikamwambia ahamie ndani, achague chumba chochote. Alihamia. Siku ya nne akanipigia, amerudi bandani. Anasema usiku anajisikia akikohoa mara mbili.

Kwa mdogo wangu nilipiga mara moja. Aliongea habari za mvua na bei ya kahawa, mimi nikaongea habari za mvua na bei ya kahawa. Mwisho akauliza kama wale watoto watakuja Pasaka, kwa sababu mama ameanza kuuliza na blanketi moja walilisahau kule jikoni. Nikasema watakuja. Hatujafika kwenye lile jambo.

Mwalimu, swali lako la "imeanza" bado liko kichwani kwangu. Sina jibu.

#41 MamaSare
Pasaka peleka na mapazia, nina kitenge kimebaki.

#42 Kijiweni
Wakuu, kwa heshima zote, hayo makochi kama nailoni bado haijatoka, unaweza kuachia kwa bei gani?